Ipi ilikuwa ngumu zaidi? Kisa cha raundi 1A, 1B na 1C za Google Code Jam 2014

Google iliendesha mashindano yake ya kuandika programu, Code Jam, kuanzia 2003 hadi 2023, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho raundi ya kwanza haikuwa raundi moja. Ilikuwa mitihani mitatu tofauti, iliyofanywa siku tofauti na saa tofauti, yenye maswali tofauti, na yote mitatu ilipeleka watu kwenye raundi ya pili ileile. Mpangilio wa namna hii hauwezi kukosa mabishano. Aliyekwama 1A atasema wa 1B walipewa mteremko, na aliyepita 1C ataambiwa kwamba alisubiri vigogo waondoke ndipo akaingia. Mwaka 2014 ni kisa kizuri cha kulipima bishano hili, kwa sababu maswali yake tisa yanajulikana vizuri na kwa sababu mojawapo halikufanana na jambo lolote ambalo washiriki walikuwa wamelizoea.

Utaratibu wa mwaka huo ulikuwa hivi. Kwanza kulikuwa na mchujo wa awali uliodumu zaidi ya saa 24, ambao kila aliyefikisha alama zilizotangazwa mapema alipita, hata kama waliopita walikuwa maelfu kwa maelfu. Huko hapakuwa na kunyang'anyana nafasi. Baada ya hapo zilifuata 1A, 1B na 1C, kila moja ikiwa ya saa mbili na nusu, na kila moja ikichukua washiriki 1000 wa juu. Aliyepita 1A hakuruhusiwa kuingia 1B wala 1C. Aliyekosa alikuwa huru kujaribu tena, na tena. Washiriki walipangwa kwa alama kwanza, kisha kwa muda, na kila jibu lisilo sahihi kwenye seti ndogo ya data liliongeza dakika 4 kwenye muda wa yule ambaye mwishowe alilipata swali hilo.

Ni muhimu kueleza habari ya seti hizo, kwa maana ndizo zilizoamua hatima ya wengi. Kwa kawaida kila swali lilikuwa na seti ndogo na seti kubwa. Mshiriki alipakua faili, akaendesha programu kwenye kompyuta yake mwenyewe, akapakia majibu. Kwa seti ndogo alipewa dakika 4 na alijulishwa papo hapo kama amepata au amekosa, akikosa akajaribu upya. Kwa seti kubwa alipewa dakika 8, nafasi moja tu, na matokeo hakuyaona mpaka raundi imalizike. Kwa hiyo mtu aliweza kukaa saa nzima akijiona yumo ndani ya 1000, kumbe seti zake mbili kubwa zimeanguka na hana habari.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu anapotaka kulinganisha ugumu ni kutazama alama za mshiriki wa 1000 katika kila raundi. Zikiwa chini, raundi ilikuwa ngumu. Zikiwa juu, ilikuwa rahisi. Njia hii inavutia kwa kuwa inatoa namba, lakini namba hiyo inachanganya mambo mawili ambayo hayatenganiki kwa kuitazama tu, yaani maswali yalikuwa mazito kiasi gani, na ni nani waliokuwa wamekaa mbele ya kompyuta saa ile. Mshiriki wa 1000 wa 1C si mtu wa kiwango kimoja na mshiriki wa 1000 wa 1A, kwa kuwa watu 2000 wameshaondoka kabla yake. Hata maswali yaleyale, yangetolewa neno kwa neno katika raundi zote tatu, yangezaa alama tatu tofauti za mwisho.

Kuna jambo lingine ambalo wanaobishana huwa hawalifikii. Tuchukulie kwamba washiriki wote wanaweza kupangwa kwa uwezo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kwamba wote wanahudhuria, na kwamba kila raundi inawapanga kwa mfuatano huohuo bila kukosea hata mara moja. Raundi 1A ingewachukua wa 1 hadi wa 1000, 1B ingewachukua wa 1001 hadi wa 2000, na 1C wa 2001 hadi wa 3000. Fanya 1B iwe ngumu mara kumi: orodha ya waliopita haibadiliki jina hata moja. Ifanye iwe rahisi: bado haibadiliki, mradi maswali yaendelee kuwatenganisha watu kwa haki. Ugumu wenyewe, basi, haumdhulumu mtu. Kinachomdhulumu ni raundi inayopanga vibaya, inayomweka wa 2500 juu ya wa 900 kwa sababu isiyohusiana na uwezo. Swali linalofaa kuulizwa juu ya 2014 ni hilo: kwa mtu aliye ukingoni, yule ambaye nafasi yake ni ya 800 au ya 1200 kutegemea siku, raundi ipi ilimpima na ipi ilimrushia shilingi?

Hoja ya kwanza dhidi ya picha ile safi ni saa. Raundi 1A ilianza saa 7 usiku kwa saa za kimataifa, usiku wa kuamkia Jumamosi. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ilikuwa saa 10 alfajiri. Warsaw na Paris ilikuwa saa 9 usiku. California ilikuwa saa 12 jioni ya Ijumaa, watu wakitoka kazini, na Beijing ilikuwa saa 3 asubuhi, wakati mzuri kuliko yote. Raundi 1B ilianza saa 1 usiku kwetu, saa 12 jioni Warsaw, na saa 6 usiku Beijing. Raundi 1C ilianza saa 6 mchana kwetu, saa 5 asubuhi Warsaw, saa 8 usiku California. Waandaaji walifanya hivyo makusudi ili kila bara lipate angalau raundi moja ya saa za kibinadamu, na sioni namna bora zaidi ya kuigawa dunia ya duara. Ila matokeo yake ni kwamba dhana ya “vigogo wote wameondoka katika 1A” si ya kweli. Mshiriki hodari wa Ulaya aliyeona hana sababu ya kukesha alilala, akaja 1B akiwa ameshiba usingizi. Aliyeingia 1B akitarajia uwanja mtupu alikutana na hao. Na mwanafunzi wa chuo huku Afrika Mashariki aliyeamka saa 9 na nusu kujiandaa kwa 1A hakupimwa kwa kipimo kimoja na mwenzake wa Shanghai aliyekwisha kunywa chai.

Sasa maswali yenyewe, na nianze na 1A kwa sababu ndiyo yenye mengi ya kusemwa. Swali la kwanza lilihusu soketi za umeme na vifaa vya kuchajiwa: kila soketi inatoa mfuatano wa sifuri na moja, kila kifaa kinataka mfuatano wake, na una swichi ambazo kila moja inageuza biti, yaani ile sifuri au moja, ya nafasi moja katika soketi zote kwa pamoja. Utageuza swichi chache iwezekanavyo ili kila kifaa kipate soketi yake. Seti ndogo ilikuwa na vifaa visivyozidi 10 na biti zisizozidi 10, kwa hiyo kujaribu kila mchanganyiko wa swichi kulitosha. Seti kubwa ilifika vifaa 150 na biti 40, na hapo kujaribu kila mchanganyiko hakuwezekani; lakini ukishaona kwamba kifaa cha kwanza lazima kipate soketi mojawapo, na kwamba kuichagua soketi hiyo kunakulazimisha swichi zote, zinabaki njia zisizozidi 150 za kukagua. Ni swali zuri la kufungulia raundi. Swali la pili lilitaka kufuta vifundo vichache vya mti, yaani mchoro wa vifundo vilivyounganishwa bila kufanya mzunguko, ili ubaki mti ambao kila kifundo kina watoto wawili au hakina kabisa. Vifundo vilikuwa hadi 1000, na kuchagua kila kifundo kuwa mzizi kisha kubakiza matawi mawili makubwa kulitosha. Aliyefanya mazoezi ya kawaida ya algoriti aliyaona yote mawili kama watu anaowafahamu.

Swali la tatu, lililoitwa “Proper Shuffle”, lilikuwa mgeni kabisa. Chukua namba 0 hadi 999 zikiwa zimepangwa kwa mfuatano. Kuna njia mbili za kuzichanganya. Katika njia sahihi, ukifika nafasi ya k unachagua kwa bahati nafasi yoyote kuanzia k hadi mwisho, unabadilishana. Katika njia mbovu, unachagua nafasi yoyote katika orodha nzima, hata zile ulizokwisha kuzipita. Unapewa mpangilio uliokwisha kuchanganywa, na unatakiwa useme umetokana na njia ipi. Mipangilio ilikuwa 120, na ilitosha kupatia 109.

Ubovu wa njia ya pili unaonekana ukiwa na namba tatu tu. Njia hiyo ina matawi 3 × 3 × 3, yaani 27, na kila tawi lina uwezekano sawa. Mipangilio ya namba tatu ni 6. Haiwezekani kuigawa 27 kwa 6 bila baki, kwa hiyo ipo mipangilio inayojitokeza mara nyingi kuliko mingine. Kwa namba 1000 kasoro inakuwa ndogo katika kila nafasi, lakini ikijumlishwa inaonekana. Hesabu nafasi ambazo namba iliyokaa pale haizidi namba ya nafasi yenyewe. Njia sahihi inatoa wastani wa 500 hivi. Njia mbovu inatoa karibu 472. Tofauti ni 28, na mtawanyiko wa kawaida wa hesabu hiyo ni takriban 9. Weka mpaka kwenye 486, sema “mbovu” chini yake na “sahihi” juu yake, na utapatia karibu mipangilio 94 katika kila 100. Kwa mipangilio 120 hiyo ni kama 112, na uliotakiwa ni 109. Makadirio yangu ni kwamba njia hii nzuri na fupi ingeshindwa mara 6 hivi katika kila majaribio 100, si kwa kosa la mtu bali kwa mipangilio aliyoangukiwa. Kwa bahati nzuri swali lilikuwa na seti moja tu, ikisahihishwa kama seti ndogo, kwa hiyo aliyeshindwa alipakua nyingine na kujaribu tena kwa gharama ya dakika 4.

Ugumu wa swali hili haukuwa katika kuandika msimbo. Msimbo wake ulikuwa mistari michache. Ulikuwa katika kumfanya mtu aliyezoea kutafuta jibu kamili akubali kutafuta jibu linaloelekea kuwa kweli. Wako waliochukua njia ya jeshi: wakaiendesha ile njia mbovu mara nyingi sana kwenye kompyuta zao, wakajaza jedwali la mara ngapi kila namba huangukia kila nafasi, kisha wakapima kila mpangilio kwa jedwali hilo. Njia hii haihitaji hesabu ya kichwa hata kidogo, na inafanya kazi vizuri kuliko ile ya kuhesabu. Mwenye mazoea ya takwimu aliiona mara moja. Mwenye kujua algoriti za grafu kama aya za sala aliweza asiione kamwe.

Hapo ndipo mgawo wa alama unapoingia. Swali la kwanza lilikuwa na alama 8 na 17, la pili 9 na 21, la tatu 45. Mshiriki aliyemaliza kikamilifu swali la kwanza na la pili, kazi mbili halali za kuandika programu, alipata 55. Aliyepata zile seti mbili ndogo kwa kujaribu kila kitu, akashindwa zote kubwa, kisha akagundua ujanja wa kuhesabu katika lile la tatu, alipata 62 na kumpita. Sisemi kwamba huyo wa pili hakustahili. Kutambua kasoro ya kuchanganya ni ujuzi halisi, na programu za kuchezea karata zimewahi kudanganywa kwa sababu ya kasoro za namna hii. Ninachosema ni kwamba karibu nusu ya alama za raundi ziliwekwa juu ya fikra moja, ambayo mtu huwa nayo au hana, bila hatua ya katikati ya kumpa sehemu ya alama. Raundi ya namna hiyo haiwapangi watu wa ukingoni kwa uwezo wao wa jumla. Inawagawa makundi mawili, kisha ndani ya kila kundi inawapanga kwa kasi ya kuandika.

Raundi 1B haina maajabu hayo, na ndiyo maana sina mengi ya kuisemea. Swali la kwanza lilikuwa la kulinganisha maneno yenye herufi zilizorudiwarudiwa, na jibu lake lilikuwa kuvuta kila kundi la herufi kuelekea idadi ya katikati. La pili liliuliza ni jozi ngapi za namba ambazo biti zao za pamoja, yaani nafasi zenye moja katika namba zote mbili, zinatoa namba iliyo chini ya kikomo K. Kwa namba zisizozidi 1000 mizunguko miwili ilitosha, kwa namba za kufikia 1,000,000,000 ilibidi uhesabu biti baada ya biti ukikumbuka kama bado umebanwa na mpaka au umeshauvuka. La tatu lilikuwa la msafiri anayetembelea miji yote akirudi kwa njia aliyoendea, na kutaka mfuatano wa namba za posta ulio mdogo kuliko yote. Lilikuwa na mtego, kwa sababu ukikimbilia mji wenye namba ndogo unaweza kujifungia njia ya kurudi na kuiacha miji mingine haifikiki. Tazama jinsi ngazi zilivyopangwa: rahisi, wastani, gumu, na kila swali lina seti ndogo inayompa kitu hata asiyeufikia ujanja. Mtu wa ukingoni aliweza kupoteza hapa na kufidia pale. Kama ningeulizwa raundi ipi kati ya tatu iliwapanga watu kwa haki zaidi, ningesema 1B bila kusita.

Raundi 1C ilikuwa rahisi kuielewa na hatari kuifanya. Swali la kwanza lilitoa sehemu, mathalani 3/4, na kuuliza ni vizazi vingapi nyuma angalau ambapo mtu angeweza kuwa na babu ambaye ni “elf” mtupu, yule kiumbe wa hadithi, ilhali kila mtoto huchukua wastani wa wazazi wake. Mtego ulikuwa kusahau kurahisisha sehemu kabla ya kukagua kama namba ya chini ni kipeo cha 2: 3/6 inaonekana haiwezekani, kumbe ni 1/2. Swali la pili lilikuwa la mabehewa ya treni yaliyoandikwa herufi, na kutaka idadi ya njia za kuyapanga ili kila herufi ikae mfululizo. Kwa mabehewa aa, aa, bc na c jibu ni 4: yale mawili ya aa yanabadilishana, na kundi la bc-c linaweza kutangulia au kufuata. Kanuni inaeleweka kwa dakika tano. Lakini kuna herufi inayojitokeza katikati ya behewa na pia kwingineko, kuna behewa linaloanza na kuishia na herufi ileile na katikati lina nyingine, kuna mnyororo unaojirudia wenyewe. Kila kimoja kikisahaulika kinatoa namba mahali ambapo jibu ni sifuri. La tatu lilikuwa la kuzungushia mawe nukta ambapo mistari ya gridi inakutana, na jibu lake lilihitaji kuona kwamba pembe za mstatili hazihitaji mawe: katika gridi ya 4 × 5, nukta 8 zinazingirwa kwa mawe 6 tu.

Unganisha mitego hii na ile kanuni ya seti kubwa, yenye nafasi moja na matokeo ya kufunikwa. Katika 1A aliyekosa swali la tatu alijua kwamba amekosa. Katika 1C aliyesahau hali moja ya mabehewa angeweza kuponea seti ndogo yenye mabehewa yasiyozidi 10, akapakia ile kubwa yenye hadi 100, akatulia, na kuambiwa baadaye kwamba imeanguka. Na hii ilikuwa raundi ya mwisho, hakuna 1D. Kwa hiyo ingawa maswali ya 1C, ukiyasoma leo bila saa inayokimbia, ni mepesi kuliko ya raundi nyingine mbili, sikubaliani na wanaosema kwamba waliopitia huko walipita kwa mlango wa nyuma. Walipimwa uangalifu chini ya shinikizo, ambao ni uwezo kama ulivyo mwingine, na bila bima.

Maoni yangu ni kwamba 1A ya 2014 ilikuwa ngumu kuliko zote kwa mshiriki wa wastani, 1C ilikuwa nyepesi kuliko zote, na mambo hayo mawili hayakuamua kwa kiasi kikubwa nani alifika raundi ya pili. Kilichoamua zaidi ni kwamba nafasi zilikuwa tatu. Aliyeangushwa na swali la kuchanganya alikuwa na raundi mbili mbele yake zisizo na swali kama hilo. Mwenye haki ya kulalamika ni yule ambaye saa za nchi yake au ratiba ya kazi yake vilimwachia raundi moja tu, hasa kama hiyo moja ilikuwa 1A.

Google ilibadilisha mengi ya haya mwaka 2018. Programu zilianza kuendeshwa kwenye mitambo ya mashindano badala ya kompyuta ya mshiriki, seti ziligawanywa kuwa zenye majibu ya wazi na zenye majibu ya kufichwa, na kila raundi kati ya tatu ikaanza kuchukua watu 1500 badala ya 1000. Badiliko hilo la mwisho ndilo lililogusa bishano letu moja kwa moja: ukingo ulisogea chini, ukaangukia zaidi kwa watu wanaotofautishwa na swali la kwanza na la pili, na uzito wa swali la tatu, liwe la ajabu kiasi gani, ukapungua kwao.